Star Wars kwenye karatasi: ipi ununue, ipi uazime

Nautaja upendeleo wangu mapema, usije ukasema nilikuficha. Filamu ya kwanza ya Star Wars mimi niliijua nusu kwa macho, nusu kwa masikio. Kanda yetu ya VHS ilinaswa kwenye deki, ikatafunwa, na kaka yangu akaichomoa kwa ncha ya bisibisi, akakata kipande kilichojikunja na kuunga ncha zilizobaki kwa selotepu. Tangu siku hiyo Luke, Leia, Han na Chewbacca wakawa wanarukia shimo la taka ndani ya Death Star, ile ngome ya angani ya maadui, kioo kinajaa chenga, halafu ghafla wako kwenye korido wanakimbia.

Yaliyotokea mle shimoni nilisimuliwa na kaka, aliyewahi kuiona kanda ikiwa nzima. Alisimulia amesimama juu ya kitanda, shuka ndiyo maji, mpini wa ufagio ndio mkono wa lile dude linaloishi humo. Katika masimulizi yake maji yalipanda mpaka shingoni. Miaka mingi baadaye nikaiona filamu isiyo na kiraka, nikakuta maji hayapandi hata kidogo. Kinachowatisha ni kuta zinazosogeleana. Niliyemkasirikia ni George Lucas, mwenye filamu, si kaka.

Leo nahariri video, ndiyo kazi yangu, na pengine ile selotepu ndiyo iliyonifundisha hesabu zake za kwanza. Kwa hiyo nikishika katuni iliyotokana na filamu, sihangaiki kwanza kama sura zimefanana. Naangalia muda. Sekunde kumi za filamu zimekuwa visanduku vingapi? Pamekatwa wapi, na kwa nini hapo? Kwa jicho hilo nimesoma mfululizo, siku nne, vitabu vitatu vya Marvel, kampuni ya katuni ya Marekani, vya zile filamu tatu za mwanzo, kisha manga, yaani katuni ya Kijapani, ya filamu ya kwanza.

Nianze na cha 1977. Toleo la kwanza la Marvel lilikuwa tayari linauzwa mwezi Aprili, na filamu ikaanza kuonyeshwa Marekani tarehe 25 Mei. Yaani kuna watoto waliomjua Darth Vader, yule adui mwenye joho jeusi, kwa senti 30 kabla hawajamsikia akipumua. Mwandishi ni Roy Thomas, mchoraji ni Howard Chaykin, na walichokuwa nacho mezani ni skripti, picha za mnato na michoro ya maandalizi. Filamu iliyokamilika haikuwepo ya kutazama. Walikuwa wanasimulia kitu ambacho wao wenyewe wamesimuliwa, na nadhani umeshajua walinikumbusha nani.

Dalili ziko tangu jalada, ambapo maandishi yanauliza kama Luke Skywalker ataiokoa galaksi au ataiangamiza. Luke! Yule kijana wa shambani anayelalamika kwamba hajaruhusiwa kwenda mjini kuchukua vipuri! Aliyeandika swali hilo hakuwa amekaa ndani ya ukumbi wa sinema. Na ndani ya kitabu Han Solo ni jambazi fulani mzuri wa sura ambaye si Harrison Ford, mwigizaji wake kwenye filamu, hata ukikodoa macho.

Halafu anakuja Jabba. Hapa nitakaa kidogo, maana ukurasa huu ndio ulionifanya niamue kuandika. Katika skripti kulikuwa na mahali ambapo Jabba anamfuata Han kwenye gati la chombo chake kudai deni. Lucas aliipiga picha akimtumia mwigizaji Declan Mulholland, mtu mnene mwenye koti la manyoya, kisha akaiondoa kabisa kwenye filamu. Chaykin hakujua kwamba itaondolewa. Alihitaji Jabba, na hakuna aliyeweza kumwambia Jabba ana sura gani, basi akamchorea kiumbe wa manjano, mrefu, amesimama kwa miguu miwili, uso wenye masharubu kama mnyama wa baharini. Kwa miaka sita msomaji wa Marvel aliamini huyo ndiye Jabba. Mwaka 1983 sinema ikamleta lile konokono kubwa lisilo na gamba, limelala, halina miguu, na mwaka 1997 Lucas akairudisha ile sehemu ya gati akiwa amembandika konokono kwa kompyuta juu ya mwigizaji wa zamani.

Sasa linganisha. Lile konokono la 1997 gatini ni sahihi na halina uhai. Han anakanyaga mkia wake na mkia hauna uzito wowote. Yule wa manjano ni kosa tupu, lakini amesimama pale kama mtu kweli anayedai hela zake. Kuna matoleo ya katuni yaliyofuata filamu iliyorekebishwa, yaliyotolewa na kampuni nyingine, Dark Horse, mwaka huohuo wa 1997, na humo Jabba ni konokono kama inavyotakiwa. Niliyasoma nikiwa nimesimama, nikayarudisha nilikoyatoa.

Jambo la pili linalokipa kitabu hiki thamani ni Biggs. Ukiifahamu filamu ya 1977 peke yake, Biggs Darklighter ni rubani mwenye masharubu anayetokea mwishoni, anaitwa jina mara mbili tatu, analipuliwa. Kwenye katuni yupo tangu mwanzo. Luke anaona vita angani kwa darubini, anakimbilia kwa rafiki zake kuwaambia, anamkuta Biggs amerudi kutoka chuo cha urubani, na wakiwa wawili tu Biggs anamnong'oneza kwamba ana mpango wa kutoroka ajiunge na waasi. Sehemu hizo zilipigwa picha, zikakatwa. Kama mhariri nakiri ningezikata pia: unapokuwa na roboti wawili wamepotea jangwani na mtazamaji anataka kujua wanaenda wapi, huwezi kumwambia asubiri vijana wapige soga. Lakini karatasi haina haraka hiyo. Msomaji anaweza kurudi nyuma, anaweza kusimama. Basi Biggs akifa juu ya Death Star, kwenye kitabu unajua nani amekufa. Kwenye filamu ni chombo kimoja kimepungua.

Hiyo ndiyo kanda yangu kinyumenyume. Kwetu kulikuwa na kipande pungufu. Humu kuna vipande vya ziada.

Mabaya yake sasa, na si machache. Roy Thomas anaandika kana kwamba analipwa kwa uzito. Picha inaonyesha mlango unafunguka; maelezo juu ya picha yanasema mlango unafunguka; kiputo cha Luke kinashangaa kwamba mlango umefunguka. Ndiyo ulikuwa mtindo wa Marvel wa wakati ule, najua, na mtoto aliyekuwa bado hajaona filamu alihitaji kushikwa mkono. Ila kwa msomaji wa leo ni kama kutazama filamu umekaa na jirani anayekusimulia kila kitu. Mkono wa mchoro nao unabadilika: toleo la kwanza Chaykin alilitia wino mwenyewe, kuanzia la pili Steve Leialoha ndiye anayetia wino, na unaiona mistari ikitulia na kusafika. Wengine wanapenda hiyo ya baadaye. Mimi nabaki na ule ukali wa mwanzo, ingawa Chaykin mwenyewe amewahi kusema wazi kwamba haoni fahari na kazi hii.

Kibiashara haikuwa mzaha. Jim Shooter, aliyekuja kuwa mhariri mkuu, alisema miaka ya baadaye kwamba Star Wars iliinusuru Marvel kifedha. Mfululizo uliendelea hadi toleo la 107 mwaka 1986, ukiwa na visa vyake vipya katikati ya filamu, akiwemo sungura mkubwa wa kijani anayeitwa Jaxxon na kubeba bastola. Simtetei sungura. Nasema tu kwamba yupo, na kwamba nilimcheka mpaka nikaamsha watu.

Cha pili, The Empire Strikes Back ya 1980, ndicho cha kununua hata kama huna mpango wa kununua kingine. Kwenye mfululizo ni matoleo ya 39 hadi 44. Aliyeandika ni Archie Goodwin, na wachoraji ni Al Williamson na Carlos Garzón. Ili uelewe uzito wa jina la Williamson, rudi nyuma kidogo. Lucas alipokuwa anatafuta filamu ya kutengeneza alitaka Flash Gordon, akakosa haki zake, ndipo akabuni galaksi ya kwake. Flash Gordon ilianza mwaka 1934 kama katuni ya magazetini ya Alex Raymond, ikageuzwa filamu za vipindi kuanzia 1936, na yale maandishi yanayopanda yakielekea mbali mwanzoni mwa Star Wars yametoka huko. Naye Williamson alikulia Bogotá, Kolombia, akaziona filamu hizo akiwa mtoto, akampenda Raymond maisha yake yote, hadi akaja kuchora vitabu vya Flash Gordon yeye mwenyewe. Kwa hiyo katuni ilizaa filamu, filamu ikazaa filamu, na ya mwisho ikarudi mikononi mwa mtu aliyekuwa anaijua bibi yake.

Na mikono hiyo inajua. Nenda kwenye vita vya Hoth, sayari ya theluji. Mtu mwingine angejaza theluji kwa mistari kuonyesha baridi. Williamson anaacha karatasi. Weupe mtupu, halafu yale mashine yanayotembea kwa miguu minne yanakuja kutoka mbali yakiwa na wino mweusi tumboni na kwenye viungo, na katikati ya weupe huo askari wa waasi ni vidoa. Nilipima kwa kidole: kuna mahali mtu mzima hazidi ukucha wangu. Filamu inakutisha kwa mlio wa nyayo; yeye hana mlio, basi anakutisha kwa nafasi. Ukifika Dagobah, sayari ya kinamasi, anageuza mkono, kila kitu kinakuwa mizizi, ukungu na mistari ya brashi iliyosukwa, unahisi unyevunyevu. Na Han wake ni Ford kabisa, lakini Ford anayesogea. Baadhi ya katuni za Star Wars za miaka ya 2010 zimenakili sura kutoka kwenye picha za filamu kiasi kwamba unaona mtu anayecheka kwenye mwili unaokimbia risasi. Kwa Williamson shingo, bega na kicheko ni vya mtu mmoja.

Kuna hadithi ya Yoda, mwalimu wa Luke, ambayo siwezi kuiruka. Kitabu kidogo cha mfukoni kilichapishwa mapema kwa kufuata michoro ya awali, na humo Yoda ana ngozi ya zambarau na nywele ndefu nyeupe. Matoleo yaliyofuata yakachorwa upya ili afanane na yule wa kwenye sinema. Walisahihisha, na kwa Yoda naona walifanya vyema. Yule wa zambarau anafanana na babu aliyeamshwa usingizini.

Kasoro yake ni pumzi. Mafunzo ya Luke kule kinamasini, kwenye filamu, yana ukimya unaokuchosha kwa makusudi, na ukimya huo ndio unaokufanya uamini kwamba kijana anajifunza. Humu Yoda anatoa hekima zake kiputo juu ya kiputo, Luke anainua mawe, tunaondoka. Na Vader hana ile pumzi. Ben Burtt, mtengeneza sauti wa filamu hizo, aliirekodi kwa kifaa cha kupumulia cha wapiga mbizi, na mvumo wa upanga wa mwanga aliupata kwa kuchanganya muungurumo wa mota ya projekta kuukuu na mlio wa televisheni. Karatasi haipumui wala haivumi. Kila aliyechora Vader amelazimika kutafuta cha kuweka mahali pa sauti ile. Williamson aliweka weusi: joho lake linameza kona ya kisanduku, na macho yako yanaenda huko hata kama anayesema ni mwingine.

Return of the Jedi ya 1983, timu ileile, sitaisemea sana. Matoleo manne badala ya sita kwa filamu ambayo ni ndefu kuliko mbili zilizotangulia. Mwisho wa filamu una vita vitatu kwa wakati mmoja, msituni, angani na mbele ya kiti cha Mfalme, na mkato kati ya sehemu hizo unabebwa na muziki wa John Williams. Wimbo haukatiki, kwa hiyo unavumilia picha ikikatika. Ondoa wimbo, bana kurasa, na unabaki na visanduku vidogo vinavyogombania nafasi kama abiria. Kuna michoro mizuri humo ndani. Azima.

Nikawa nimechoka, nikafikiri kazi imeisha, ndipo nikafungua manga ya Hisao Tamaki. Ni filamu ileile ya kwanza, ilitolewa Japani mwaka 1997, na mwaka uliofuata Dark Horse ikaitoa kwa Kiingereza katika vitabu vinne. Tofauti ya kwanza ni hesabu: Thomas na Chaykin walikuwa na kurasa zisizofika 120, Tamaki ana mara tatu ya hizo. Na hakuzijaza maneno. Kurasa nzima zinapita bila kiputo. Chombo kinapita, kinaendelea kupita. Mkono unaelekea kwenye kitufe. Jicho. Mkono tena. Nilijikuta nafanya kitu nisichokifanya na katuni nyingine, nahesabu kimoyomoyo kila nikifunua ukurasa, kama ninavyofanya kazini nikitafuta pa kukata.

Usidhani ni filamu iliyogandishwa. Luke wa Tamaki ana macho makubwa na hofu ya mtoto, roboti wanapata vichekesho vyao, na mahali ambapo filamu ilikuwa na sekunde mbili yeye anaweza kuchukua kurasa nne, au akaruka dakika nzima bila kuomba radhi. Amekata upya. Ndicho kitu nilichokuwa nakitafuta kwa siku zote nne: mtu aliyeichukua filamu, akaitupa saa yake, akavaa ya kwake. Asiyependa mtindo wa manga ataona nyuso hizi ni za kitoto, na kwa Leia nitakubaliana naye kidogo.

Suala la matoleo, maana najua utauliza. Mwaka 2015 Marvel, ambayo sasa iko chini ya Disney kama ilivyo Lucasfilm, ilitoa upya vitabu vyake vitatu kwa jalada gumu na rangi mpya za kompyuta. Karatasi nzuri, jalada imara, kinakaa wazi mezani bila kushikwa. Rangi sasa. Michoro ile ilitiwa wino ikijua itapakwa rangi bapa na kuchapishwa kwa vidotidoti kwenye karatasi duni. Ukimwaga vivuli laini na mng'ao juu yake, ni kama kumpaka mzee poda mpaka makunyanzi yanayomfanya awe yeye yanapotea. Chaykin anaumia zaidi, kwa sababu mistari yake michache ilikuwa inategemea ule ubapa. Williamson anavumilia, ila theluji yake imetiwa ubuluu ambao hakuuomba. Ukipata mkusanyo wenye rangi za zamani, chukua huo, hata kama kona zimekunjika. Ukikosa, la 2015 si la kutupa.

Na kama umependa wazo la Star Wars iliyosimuliwa na mtu ambaye hakuiona, kuna The Star Wars ya mwaka 2013, matoleo manane ya J. W. Rinzler na Mike Mayhew, iliyotengenezwa kutokana na rasimu ya Lucas ya 1974. Humo Luke ni jenerali mzee na Han Solo ni kiumbe wa kijani. Inavutia kuliko inavyoeleweka. Ule mfululizo wa Januari 2015, wa Jason Aaron na John Cassaday, ambao toleo lake la kwanza liliagizwa kwa zaidi ya nakala milioni moja, ni visa vipya, kwa hiyo si wa mjadala huu.

Alama zangu: Empire tisa kwa kumi. Manga ya Tamaki tisa. Kile cha 1977 ni sita kwa kazi, nane kwa mapenzi, chagua mwenyewe ipi inakuhusu. Jedi tano.

Kaka alipita juzi, akakikuta cha 1977 mezani. Hakuuliza ni kitu gani, akakaa, akaanza kufunua akilamba kidole, tabia ambayo sijawahi kumtoa. Alimpita Jabba bila kushtuka, akampita Biggs. Alipofika shimo la taka akasimama. Akautazama ukurasa kwa muda mrefu, akanigeuzia kitabu, na kwa ncha ya kidole akagusa kifua cha Luke.

"Wamekosea," akasema. "Maji yalikuwa mpaka hapa," akajishika shingo.